Sufuria ya Paskalina, kutoka Babati hadi Mbulu

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini nimerudi Songea nimepungua, na kwa nini siku hizi nainamia karai na kunusa mafuta kabla ya kununua kitumbua. Nimewajibu vipandevipande, kila mmoja kipande chake, na nasikia mmekuwa mkikutana na kuviunganisha vibaya. Mmoja wenu anaamini niliwekwa karantini. Mwingine anaamini nilikwenda kumwoza mpwa wangu. Naandika basi yote kwa mpangilio, hatua kwa hatua, nikiacha habari za tiketi na fomu, ambazo hazijawahi kumfurahisha mtu.

Mpwa wangu Paskalina, binti wa dada yangu Oliva, ana miaka kumi na saba. Miaka minne iliyopita alikuwa hakui, damu haitoshi, tumbo limemvimba na haliachi kuharisha, na kila ndugu alikuwa na maelezo yake: minyoo, wivu wa majirani, kusoma kupita kiasi. Hatimaye madaktari waliupa ugonjwa jina: siliaki. Katika kikao cha familia nilieleza kwamba jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo. Dada yangu alinitazama kwa muda, kisha akauliza kama Wagiriki walikuwa na dawa yake. Hawakuwa nayo. Dawa ni moja tu, nayo ni kutokula ngano wala shayiri maisha yote, hata chembe, kwa sababu ndani ya nafaka hizo mna kitu kiitwacho gluteni. Mwili wa Paskalina hukipokea kama adui, na katika kupigana nacho huubomoa utumbo wake wenyewe. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, viazi na mihogo havina tatizo. Tatizo ni kwamba familia hii inaishi jirani na Hanang, mahali ambapo ngano hupandwa mpaka macho yachoke kuitazama.

Kwa miaka minne Oliva alijua kila tonge lililoingia kinywani mwa mwanawe. Hata kanisani ni yeye aliyezungumza na paroko, ikakubaliwa Paskalina akomunike kwa divai peke yake, bila hostia ya ngano, jambo ambalo baadhi ya wanakwaya wa kiume hawajalisamehe. Sasa binti alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni huko Mbulu. Oliva, ambaye ni mwalimu na hupenda mitihani, aliweka mtihani. Paskalina angesafiri bila mama. Angepita Haydom kliniki, angepita Tumati kumsalimu bibi yake mzaa baba, kisha angeripoti shuleni. Njiani kote angeuliza mwenyewe, angekataa mwenyewe na angejipikia. Akifika salama, atasoma Mbulu. Akiugua, au ikibidi aokolewe, atarudi Babati kusoma shule ya kutwa chini ya macho ya mama yake. Baba yake, mpimaji ardhi, alikuwa kazini Kigoma, kwa hiyo nikaitwa mimi niwe msindikizaji.

"Kazi yako ni kunyamaza," Oliva aliniambia.

"Dada, nimefundisha Kilatini seminarini miaka thelathini na minne."

"Ndiyo maana nakuambia unyamaze."

Babati hadi Katesh

Paskalina alibeba begi la nguo, na begi la pili lenye sufuria ndogo ya mfuniko, mwiko, sahani, kisu na kilo tano za unga wa mahindi. Vyote vilikuwa vimefungwa kwa kitenge, na fundo lake hakuruhusu mtu mwingine alifungue. Mimi nilibeba barua. Nilikuwa nimeiandika kwa siku tatu, kurasa mbili, nikieleza siliaki kwa ukamilifu kwa ajili ya mama lishe na wenyeji wote tutakaokutana nao. Oliva alikuwa amenikataza kusema. Kuhusu kuandika hakutamka neno.

Barabara hiyo ni ya lami, na haina cha kusimulia hadi Mlima Hanang unapojitokeza. Siku hiyo ulijitokeza nusu ya chini tu, nusu ya juu ikiwa ndani ya wingu. Tuliteremka Katesh tukiwa na njaa na tukaingia katika mgahawa wa Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa makamo aliyekuwa akikaanga mwenyewe mlangoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Paskalina.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Chai ipo, mandazi yapo, vitumbua vipo, chapati zinakuja."

"Vitumbua ni vya mchele mtupu?"

"Mtupu. Mke wangu analoweka jioni, asubuhi anasaga."

"Haongezi ngano kidogo ya kushikanisha?"

"Ngano ya nini? Kitumbua si chapati."

Hapo, baada ya saa mbili tu za safari, nilivunja agizo la dada yangu. Nilimkabidhi Mzee Hamisi barua. Alijifuta mikono, akaisoma aya ya kwanza akichezesha midomo, akaigeuza, akaisoma na ya nyuma.

"Kiswahili kizuri sana hiki," alisema. "Ni cha mahakamani?" Kisha, kwa kuwa mteja mwingine alikuwa akisubiri, akaikunja na kumfungia vitumbua vitatu.

Paskalina alingoja mpaka mteja yule aondoke. "Mzee, mafuta unayotia kwenye hicho chuma cha vitumbua unayachota wapi?"

"Si hapa kwenye karai."

"Kwenye karai la mandazi?"

"Mafuta ni mafuta, mwanangu."

"Basi naomba mayai mawili ya kuchemsha, na chai ya rangi."

Mzee Hamisi aliushusha upawa. "Vitumbua vyangu vimekukosea nini?"

"Havijanikosea, mzee. Tatizo vimelala na mandazi."

Wanaume waliokuwa wakinywa chai benchi la nyuma walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mzee Hamisi naye alijitahidi asicheke, akashindwa. "Maneno hayo," alisema akimchagulia mayai, "usiyarudie mke wangu akiwepo."

Mimi nilikula vitumbua vinne kwa ajili ya kudumisha amani.

Katesh hadi Haydom, kwa kupitia mahali pasipo njiani

Usafiri wa kwenda Haydom siku hiyo ulikuwa umekwisha kuondoka, lakini dereva mmoja wa pikapu, Ezekieli, alikubali kutuchukua katika viti vya mbele. Alikuwa na mzigo wa kushusha Getanuwas, ambako, kwa mujibu wa ramani yoyote niliyowahi kuiona, si njia ya Haydom. Nilimweleza hivyo. Alijibu kwamba ramani hailipii mafuta.

Tulipita mashamba ya ngano upande wa kulia na upande wa kushoto, yamekomaa, yakilala na kuinuka kwa upepo. Paskalina alikuwa akitafuna karanga.

"Inapendeza," alisema.

"Nilitegemea utaichukia."

"Niichukie ngano, mjomba? Haijui hata kama nipo."

Getanuwas springi ya nyuma ilikatika. Ezekieli alilala chini ya gari, akatoka, akasema tutakaa kidogo. Uzoefu wangu wa neno hilo ulinifanya nitafute pa kukaa vizuri. Mama mmoja wa boma la wafugaji lililokuwa karibu alituita, akatupa vigoda kivulini na kutuletea kibuyu cha maziwa yanayonukia moshi.

Paskalina alimwamkia, akauliza kama kibuyu hicho huwekwa kitu kingine chochote. Mama hakulielewa swali. Alimgeukia Ezekieli, wakazungumza kwa lugha yao, kisha Ezekieli akatafsiri: "Anauliza, kitu kingine kama nini?" Paskalina alitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu utoto wake. Hapa palikuwa na watu wanaokula maziwa na nyama, na hakuna kilichohitaji kuchunguzwa. Alikunywa vikombe viwili. Nami, ili nisionekane mgeni asiye na shukrani, nikanywa vitatu.

Kilichofuata nitakieleza kwa ufupi unaostahili. Tumbo langu lilizaliwa Ungoni na halikuwahi kuandaliwa kwa maziwa kiasi hicho. Saa saba mchana niliomba radhi na kuelekea shamba la mahindi. Saa saba na nusu niliomba tena. Mara ya tatu sikuomba.

"Mwalimu," Ezekieli aliita kutoka chini ya gari, "pita kushoto, kulia kuna miiba."

Paskalina aliazima moto kwa mwenye boma, akachemsha maji katika sufuria yake, akapima chumvi na sukari, akayapoza na kunisimamia niyanywe. Nililalamika kwamba chumvi imezidi. Alisema chumvi iko sawa, ila mimi ndiye sijazoea kuambiwa. Springi ilipofungwa kwa mpira na waya tuliendelea, nami nikawa nimekalia ukingo wa kiti kama mtu anayetarajia kuitwa.

Haydom

Mji huu umekua kuizunguka hospitali yake, na jambo hilo huonekana stendi: abiria wanashuka na blanketi na chupa za chai, na wauzaji hawakuulizi unakwenda wapi, wanakuuliza umekuja kwa nani. Tulilala nyumba ya wageni, na asubuhi tukaenda kliniki kumwona Bi Mwanaidi, afisa lishe, mwanamke wa Tanga mwenye sauti ya chini, ambaye amemfuatilia Paskalina tangu ugonjwa ulipojulikana. Alitutazama sote wawili, akanitazama mimi mara ya pili.

"Mgonjwa ni nani?"

"Leo ni mjomba," alisema Paskalina.

"Pole, baba. Umeharisha mara ngapi?"

"Mara sita tangu jana mchana," alisema Paskalina.

"Nne," nilisema.

"Sita, mjomba. Nilikuwa nahesabu."

"Unakunywa maji ya kutosha?"

"Anakunywa, ila anasema yana chumvi."

"Na tumbo linauma wapi?"

"Hapa chini," alisema Paskalina, akionyesha juu ya shati langu kwa kidole.

Nilikuwa nimefumba mdomo. Sikuwa na haja ya kuufungua, maana kila nilichotaka kusema kilikuwa kimekwisha semwa, na kwa usahihi kuliko nilivyopenda. Bi Mwanaidi aliweka kalamu chini. "Paskalina, mwache mgonjwa ajibu mwenyewe."

Wote wawili wakaningoja. Nikakumbuka vikao vyote vya familia vya miaka minne, watu wazima sita sebuleni tukijadili choo cha msichana aliyekaa palepale katikati yetu. Huwa anatazama dirishani katika vikao hivyo. Siku zote nilifikiri hasikilizi.

Nilijibu mwenyewe. Nilikiri mara sita. Nikapewa dawa na kuambiwa nikae kwenye benchi la nje, na mlango ukaachwa wazi kidogo, hivyo nilisikia yaliyobaki.

Bi Mwanaidi alimhoji kwa nusu saa. Ukikuta mchuzi mzito, utauliza nini? Kama umetiwa unga wa ngano. Ukila kwa bahati mbaya? Nitasema siku hiyohiyo. Hutaficha ili mama asikurudishe? Paskalina alichelewa kidogo, akasema hatoficha.

"Sasa mtu wa mgahawani utamkataa, najua," alisema Bi Mwanaidi. "Mtu unayempenda je? Amekupikia mwenyewe, amekaa anakutazama."

"Hapo sijui."

"Vizuri. Hapo ndipo patakapokusumbua."

Alimwandikia barua ya kupeleka shuleni. Ilikuwa mistari mitatu. Nilipoisoma nilitafuta cha kuongeza, nisikipate, na hilo liliniudhi siku nzima.

Haydom hadi Tumati

Basi liliharibika mara moja tu, hivyo wote tuliliona kuwa basi zuri. Dongobesh ilikuwa siku ya mnada, na tulikaa saa mbili tukingoja usafiri kati ya mbuzi na mitumba. Paskalina alinunua viazi na kabichi. Mimi nilikula wali mkavu kwa amri yake.

Tulifika Tumati alasiri. Bibi Monika alikuwa ametungoja tangu asubuhi, kwa ushahidi wa viti vilivyokuwa tayari uani. Hakuwa amemwona mjukuu wake tangu akiwa darasa la pili. Alimshika mabega, akamgeuza, akapima urefu wake kwa mkono, akaridhika. Kisha Paskalina akaenda zizini kutazama ndama aliyezaliwa wiki ile, nami nikabaki na Bibi Monika na yale mabegi mawili.

"Hiyo sufuria ya nini?" aliuliza. "Kwangu hakuna sufuria?"

Naomba mkumbuke nilikuwa nimenyamaza tangu Katesh. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne anapoulizwa swali lenye jibu, hawezi kuangalia tu. Nilisema, na maneno yangu nayakumbuka yote: "Mama, binti huyu hapaswi kula chombo kimoja na watu, wala kupikiwa katika sufuria ya wengine. Ni hali iliyompata. Wazazi hawakutaka itangazwe ovyo. Atakueleza mwenyewe atakapokuwa tayari."

Bibi Monika alikaa chini. "Mama yake anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyenituma."

"Badala ya kuja mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

"Naelewa," alisema, na akaitazama njia ya zizini kwa muda mrefu. Nilifurahi kwa jinsi alivyoelewa haraka.

Tumati, siku ya kwanza na ya pili

Alielewa kuliko nilivyotegemea. Kabla jua halijashuka, kijumba cha pembeni ya ua kilikuwa kimefagiwa, kimetandikwa mkeka mpya, na humo vikawekwa mtungi, kikombe, beseni na mafiga matatu, vyote vya Paskalina peke yake. Majirani waliokuja kusalimu walisimama mbali na kusalimu kwa sauti. Hakuna aliyempa mkono. Watoto waliomkaribia waliitwa nyumbani. Paskalina alijipikia ugali wake na kabichi, akala bila kumweleza mtu lolote.

"Mjomba," aliniambia akiosha sahani, "Tumati wanaijua siliaki kuliko Babati nzima."

Nami niliandika katika daftari langu uchunguzi wa aya mbili kuhusu hekima ya asili ya watu wa milimani katika masuala ya usafi wa vyombo. Aya hizo nimezifuta.

Asubuhi ya pili nilikuwa nikinawa uani wakati Mama Tluway, jirani mwenye mdomo usio na geti, alipopita na ndoo.

"Shikamoo, mwalimu. Sasa mtoto mwenyewe wamemwacha wapi?"

"Paskalina? Yuko ndani."

"Huyo tunamjua. Nasema mtoto aliyemzaa. Au hakukaa?"

Nilimwomba aweke ndoo chini na anieleze tangu mwanzo. Wairaqw wa zamani, wenyeji wa milima hii, alisema, wana jambo liitwalo metimani. Mtu akipatwa na mambo fulani, baadhi ya misiba, au msichana akishika mimba kabla ya kuolewa, hukaa kando kwa muda. Hatakiwi kula chombo kimoja na watu, hapikiwi nao, hatembelewi. Siku hizi wengi wameliacha, makanisa yamelisema vibaya, lakini hakuna mzee asiyelijua. Na mimi, mgeni wa kuaminika, tena mtu wa seminari, nilikuwa nimelitangaza kwa ufasaha, jambo kwa jambo, bila kuruka hata sharti moja.

Nilikwenda kijumbani. Paskalina alikuwa akikoroga uji wake, nami nilimweleza. Kisha, naona aibu kuliandika hili, lakini mliomba yote, nilimshauri tuliache kama lilivyo.

"Fikiria kwa utulivu," nilisema. "Hakuna anayekugusia chakula. Chombo chako ni chako. Tunabakiza siku moja tu. Hata hospitali isingekupangia mazingira bora zaidi."

Aliutoa mwiko katika uji. "Mjomba, unataka niende kusoma Mbulu, ambako nusu ya wanafunzi wana shangazi Tumati, nikiwa na mtoto ambaye sikumzaa?"

"Sikulitazama upande huo."

"Ulimwambia Bibi nini hasa?"

Nilimsomea maneno yangu kama nilivyoyasema. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akautazama mkeka.

"Kumbe tangu jana ananiona hivyo," alisema, "na bado alinitandikia mpya."

Bibi Monika alikuwa akichambua maharage mbele ya nyumba kubwa. Mama Tluway alikuwa amerudi na ndoo ileile, bado tupu. Paskalina alipiga goti.

"Bibi, sikuwahi kuwa na mimba. Sina mtoto. Mjomba alisema vibaya."

"Mjomba wako anasema vizuri sana," alisema Bibi Monika bila kuinua macho.

"Ni ngano, Bibi. Nikila ngano tumbo langu linaumia ndani."

"Babu yako alilima ngano mpaka anakufa. Tulikula wote. Hakuna aliyeumwa tumbo."

"Mimi naumwa."

"Siku hizi kila jambo mnaliita ugonjwa."

Paskalina alitazama zizini. "Yule ng'ombe wako mwekundu, jana ulimfunga mbali na majani mabichi ya bondeni. Kwa nini?"

"Anafura. Akiyala anafura, wenzake hawafuri."

"Amefanya nini mpaka afure?"

"Atakuwa amefanya nini? Ndivyo alivyo."

"Na mimi ndivyo nilivyo, Bibi."

Bibi Monika aliacha maharage. Alimtazama mjukuu wake usoni kwa mara ya kwanza tangu tulipofika, nadhani, kisha akamtazama Mama Tluway, ambaye kufikia jioni angekuwa amelifikisha neno lolote kila nyumba.

"Kama hukai kando," alisema polepole, "mchana utakula nami. Sinia moja. Mama Tluway atakuwepo, na wengine atakaowaita."

"Nitakula, Bibi."

Lakini jikoni maji yalikuwa yameshabandikwa, na kando yake kulikuwa na unga wa Bibi Monika: mahindi yaliyochanganywa na ngano, kama ipikwavyo nyumba nyingi huko. Paskalina aliuona, nami nikauona. Akikataa kula, majirani watajua wanachokijua tayari. Akila, mtihani wa mama yake umeishia hapo, na tumbo lake halitaishia hapo. Nilisogea mbele. Nilikuwa na sentensi nzuri, imekamilika. Paskalina alinitazama mara moja, nikarudi kukaa, na kati ya kazi zote nilizofanya katika safari hiyo, ile ilikuwa ngumu kuliko zote.

"Bibi," alisema, "lazima kiwe chakula chako, au lazima liwe sinia moja?"

Bibi Monika alilipima swali. "Sinia moja."

"Basi leo ninyi ndio wageni."

Alifungua kitenge chake. Sufuria yake ni ya mtu mmoja, kwa hiyo alisonga ugali mara nane, mkupuo baada ya mkupuo, huku majirani saba wakiwa wamekaa wakimtazama kama mechi.

"Sufuria ya mtoto wa mjini," alisema Mama Tluway. "Hata kuku hashibi."

Alilichukua sinia kubwa la Bibi, akalisugua kwa majivu na maji ya moto, akalisuuza, akalisugua tena.

"Unaliosha sinia langu? Ni safi hilo," alisema Bibi Monika.

"Naosha ngano, Bibi. Sikuoshi wewe."

Kulikuwa na ugali, mlenda ambao Paskalina aliupika katika sufuria yake, na maziwa ya mgando, ambayo mimi niliyaheshimu kwa mbali. Walinawa. Hakuna aliyeanza. Paskalina alimega, akachovya, akala. Bibi Monika akaupeleka mkono wake palepale ambapo mjukuu wake alikuwa amemega, si upande wake wa sinia, akamega na kula. Mama Tluway alimfuata, maana sasa asingeweza kusimulia asichokila.

"Huu ugali umepungukiwa kitu," alisema akitafuna.

"Umepungukiwa ngano," alisema Bibi Monika.

"Ndicho ninachosema."

Sinia lilipoisha, kilo zote tano zilikuwa zimekwisha. Paskalina aliukung'uta mfuko, akaukunja, akaurudisha begini. Niliona anahesabu: kesho asubuhi, safari, siku za kwanza za shule.

Kesho yake Bibi Monika alituamsha kwa kelele za debe. Alikuwa amepepeta mahindi yake mwenyewe, na alituongoza hadi mashine ya kusaga, ambako kulikuwa na foleni. Mwenye mashine alikuwa ametoka kusaga ngano. Paskalina alianza kumweleza kwamba angeomba mahindi kidogo yapite kwanza kusafisha jiwe, na unga huo wa kwanza uwe wa kuku.

"Nikianza kusagia kuku sitamaliza leo," alisema mwenye mashine.

Bibi Monika alimsogelea. "Saga ya kuku," alisema, kwa sauti ya kuifikia foleni hadi mwisho wake. "Huyu mjukuu wangu hana mtoto. Ana tumbo."

Paskalina alijifunika uso kwa kitenge. Mashine iliwashwa. Watu wawili katika foleni walitaka kujua ni tumbo gani, naye, akiwa bado amejifunika nusu, aliwaeleza kwa maneno yasiyozidi ishirini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya debe, na hakuna aliyeniuliza lolote.

Tumati hadi Mbulu

Barabara inapanda, baridi inaongezeka, na abiria wanaendelea kuvaa kadiri gari linavyokwenda. Tulifika shuleni saa saba mchana. Matroni, mama mnene aliyevaa sweta mbili, alisoma mistari mitatu ya Bi Mwanaidi, akanitazama mimi.

"Mzazi, kwa hiyo huyu tumpikie vipi?"

Nilimwonyesha Paskalina kwa mkono. Matroni alishangaa, kisha akamgeukia, na wote wawili wakaenda jikoni kuonana na mpishi mkuu. Nilibaki kwenye benchi la getini na mlinzi, ambaye alinipa nusu ya hindi lake la kuchoma. Zilipita dakika arobaini. Mara moja nilisikia sauti ya mwanamume jikoni ikisema kwamba akimruhusu mmoja na sufuria, mwezi ujao atakuwa na sufuria mia, kisha sauti ya Paskalina, lakini si maneno yake.

Alirudi bila begi la pili.

"Sufuria imepata msumari wa kuitundika stoo," alisema. "Jiko la mkaa nitawasha mwenyewe kabla ya wenzangu. Kuhusu mwiko bado hatujaelewana, nitamrudia kesho. Nenda, mjomba, gari litakuacha."

"Una hakika?"

"Hapana. Nenda."

Alinipa shikamoo, nikaitikia, akaingia ndani. Stendi ya Mbulu nilimpigia Oliva. Alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.

"Amefika?"

"Amefika. Hajaugua hata siku moja."

"Amekula nini mchana?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, dada. Hakuniambia, nami sikumuuliza."

Niliishusha simu sikioni kuangalia kama imekatika. Ilikuwa haijakatika. Nilisikia kengele ya shule yake, na viti vikiburutwa.

"Haya," alisema mwishowe. Kisha akauliza kama Mbulu kuna baridi, na kama mtoto alibeba sweta.